Orodha Moja, Boti Tatu

Unaisi Vakacegu alikuja kwangu akiwa na miaka arobaini na sita, ameachishwa kazi mjini, goti moja bovu. Alikuwa ameniandikia programu ya kuorodhesha abiria wa boti zangu tatu. Nikamwambia wazi: Jumamosi moja ya majaribio hapa bandarini Suva. Ikienda sawa, kazi ni yako. Ikiharibika, narudi kwenye daftari, nawe urudi kisiwani kwenu Kadavu kulima magimbi. Hakubembeleza. Hilo nililipenda.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mkaguzi wa bandari akatazama kompyuta. Boti ya kwanza, Vonu: abiria sitini na tisa, na ruhusa yake ni arobaini. Senikau: sitini na tisa. Tabua nayo sitini na tisa, wakati ndani yake kuna mifuko ya saruji tu.

"Hakuna kung'oa nanga," akasema. "Nawapa hadi saa tatu."

Kapteni Peceli wa Tabua akamchungulia Unaisi begani. "Dada, umenipakilia mizimu?"

"Kapteni, hebu nyamaza niwaze."

"Waza tu. Mizimu haili, ila maboya hayatatosha."

Unaisi akasoma msimbo wa programu yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akanigeukia. "Mjomba, nimeliona. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Ndani ya programu kuna ramani ya boti, tunaiita darasa. Kila boti inaundwa kutokana nayo. Sasa orodha ya abiria niliiweka kwenye darasa lenyewe, ikaundwa mara moja tu, boti zote zikawa zinaandika humohumo. Kama bilo moja, kifuu cha kunywea kinywaji cha yaqona, linavyozunguka mkeka mzima."

"Na ulipojaribu hukuona?"

"Nilijaribu kwa boti moja."

Nimefanya biashara miaka thelathini. Mtu anayetaja kosa lake kabla hujamminya ni nadra, na anakuokolea muda.

"Sasa inatakiwaje?"

"Jina la bandari libaki la wote. Abiria hapana. Boti ikiundwa tu, hapohapo ipewe orodha yake, tupu."

Akaufuta mstari pale juu, akauandika upya kwenye sehemu inayofanya kazi kila boti inapoundwa. Mstari mmoja. Peceli akamsomea tiketi, naye akaingiza majina upya. Vonu thelathini na nane. Senikau thelathini na moja. Tabua sifuri.

Mkaguzi akasaini saa tatu kasoro dakika tano. Vonu ikaondoka. Unaisi akabaki amekaa, mikono mapajani.

"Nifungashe, mjomba?"

"Tulikubaliana Jumamosi nzima. Tabua inaandikisha saa sita."

Saa kumi Tabua ilikuwa na ishirini na saba wake, na orodha za boti nyingine hazikuguswa. Nikamwambia aje Jumatatu saa moja, na kuanzia siku hiyo kila kitu akijaribu kwa boti tatu.

"Nne," akasema. "Nitajaribu kwa nne. Wewe huchelewi kununua nyingine."