Sahani Iliyorudi Tupu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka hospitali, daktari ameshaupa jina ugonjwa wake wa akili. Hata hajapumzika, nikasikia jirani anamkanya mwanawe asile chochote alichopika yule binti. Nilikaa kitako, mwenzangu. Hayo mie niliyaona Temeke, enzi za Mwingereza, na mkono wangu ulikuwamo.

Ramadhani za kule zilikuwa raha bwana. Mchana kutwa unasikia mbuzi za nazi zikikwaruza kila ua, na jua likianza kushuka sie watoto tunapishana na sahani zilizofunikwa kawa, magimbi kwa huyu, tambi kwa yule. Sahani ya jirani hairudi tupu, iwe hata na tende mbili tu. Bibi alikuwa mkali sana kwa hilo.

Nyuma yetu aliishi mama mmoja aliyewahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, huko bara. Alirudi mzima, mpole, uwanja wake umefagiwa, na akituchekesha kwa kuwika kama jogoo. Kwa watu alibaki Mwehu. Kila jioni alituletea mihogo ya nazi. Bibi alipokea kwa maneno matamu, kisha akanipa nikawamwagie kuku. "Huwezi kujua kaweka nini," alisema. Akaiosha sahani, akaijaza chakula chetu, narudisha mie.

"Bibi yako ameipenda mihogo?" yule mama aliniuliza.

Nikamjibu ameipenda sana.

Jioni moja alifuata kawa lake alilolisahau. Alinikuta uani, mihogo iko chini, kuku wanaigombania. Akatazama kidogo.

"Kumbe," alisema, akachukua kawa lake akaenda zake. Sikumwambia Bibi.

Kesho yake hakuleta kitu, Bibi akanituma nimpelekee futari kwa sahani yetu. Sahani yetu ilirudi imeoshwa vizuri, tupu. Ikawa hivyo kila siku, na mtaa ukapata la kusema: wazimu umemrudia. Kaka yake alipokuja kutoka Kurasini kumjulia hali, Bibi alimwambia kwa huruma kabisa, "Amebadilika, baba. Mwenye akili zake harudishi sahani tupu." Mie nilikuwa pale pale mkekani, najua sababu, nimefumba mdomo. Niliona haya kuonekana mwongo. Baada ya Idi kaka akampandisha gari moshi kumrudisha kule bara, na hatukumwona tena.

Temeke ile haipo. Nyua zimekuwa maduka na gereji, watu wanafuturu wamefunga mageti. Wa rika langu tuliobaki tukikutana huzisimulia Ramadhani zile, na hakosi mmoja wa kuuliza, "Mnamkumbuka yule Mwehu wa sahani tupu?" Basi wote hucheka. Mwaka huu nilikusudia kuwaambia ukweli. Ilipofika zamu yangu ya kusema, haya zikanishika tena, nikacheka nao.