Mashine Iliyotaka Kumeza Jora Zima

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani sisi tusiosoma sana hatukuziona kompyuta. Mimi niligombana nayo sebuleni mwangu, Ndia Kuu, miaka ya tisini ikiishia.

Binti yangu alikuwa kazini katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Wakaletewa faili kubwa la XML, mtindo mpya wakati ule: orodha ya makasha, kila habari imewekwa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga. Meneja alitaka makasha aliyopokea mteja mmoja tu. Akamwambia binti yangu, "Ukishindwa mpaka kesho Jumamosi, kiti chako nampa mwengine." Binti yangu akaja kwangu na kompyuta ya ofisi ndani ya teksi, uso umemvimba.

Kila akilifungua lile faili, mashine inaganda.

"Mama, inataka kulibeba faili zima kichwani, ndipo ijibu. Na kichwa chake kidogo."

"Kama chako," nikamwambia. "Kwani mimi kanga huzikagua vipi?"

Nilipinda kanga za duka moja la Biashara Street miaka mingi. Jora la kanga ambazo hazijakatwa likija silitandazi, chumba kingejaa hata pa kukaa pakosekane. Nalipitisha gotini, doti baada ya doti. Iliyopita imepita. Nikiona dosari natia uzi mwekundu, naendelea.

"Njia hiyo iko, Mama. Mashine isome alama moja moja na kuiacha. Lakini programu yenyewe lazima niiandike mimi, na ina taabu."

"Taabu umeanza kuiogopa lini? Andika."

Aliandika mpaka adhuhuri. Ilipokwenda haikuganda, lakini ilimwaga makasha chungu nzima. Mkaza mwanangu, mke wa kijana wangu tuliokaa naye, akachungulia, akacheka: "Wifi, umetuletea bandari yote nyumbani!"

Kumbe yule mteja mara nyengine alikuwa mtumaji, mara nyengine mpokeaji. Mashine ililiona jina, ikalidaka, haikujua liko ndani ya nini.

Binti yangu akasukuma kiti. "Basi, nimeshindwa."

"Keti! Mimi nikifungua jora, kibandiko chake nakiweka mkono wa kushoto, sikiondoi mpaka jora liishe. Nisipofanya hivyo nitajuaje doti iliyoko gotini ni ya jora gani? Nawe weka kumbukumbu ya kilichofunguliwa, cha mtumaji au cha mpokeaji. Kikifungwa, kiondoe. Mzigo gani huo wa kukushinda?"

Akaketi, akaongeza mistari, akaiwasha tena. Mara makasha yakaanza kutokea moja moja, ya mpokeaji tu, na mashine yenyewe haijafika hata nusu ya faili. Akafunika mdomo kwa mikono miwili. Sikumsifu. Nilimwambia bado haijaisha.

Kesho yake orodha ilifika ofisini na kiti alibaki nacho. Lakini saa ile hatukuyajua hayo, na mkaza mwanangu alikuwa ameshaishika pasi, anyooshe kanzu ya mumewe ya kwendea nikaha. Nyaya za nyumba yetu ni za zamani, vitu viwili vizito vikiwashwa pamoja fyuzi inakatika, na kazi yote ingeanza upya.

Nikasimama mlangoni, nikawaambia wote: "Pasi irudi kabatini. Hapana pasi, hapana birika la umeme, mpaka mashine iseme imemaliza. Na mwanangu akiuliza kanzu yake, mwambieni mamake amesema aende nayo na makunjo yake."