Nilimpa mama supplement za sukari, nikamwambia asiwaambie kliniki

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimeyakalia miezi sita na nimechoka kuyakalia.

Mama yangu anaishi Machame, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba. Ana kisukari mwaka wa nane sasa, anatumia vidonge vya kushusha sukari, na kliniki hakosi.

Mimi niko Moshi mjini, fundi umeme. Nikaanza kuangalia video za afya: chromium, magnesium, vitamini D, zinavyoshusha sukari. Wiki mbili tu nikawa najiona nusu daktari.

Nikanunua makopo matatu, nikapanda nayo Machame. Mama akauliza, "Baba, daktari anazijua hizi?"

Nikamjibu, "Usiwaambie kliniki. Watakukataza tu."

Mwezi wa kwanza vipimo vilikuwa vizuri. Nikavimba kichwa, nikamwambia ameze viwili viwili badala ya kimoja.

Sasa mama ana ng'ombe wa maziwa, anafugwa ndani, majani lazima akatiwe kila siku. Na akina mama wa kwetu ndivyo walivyo, ng'ombe anakula kwanza. Anameza dawa, anashika mundu, chai mpaka arudi.

Siku moja hakurudi.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ambao wanaishi na mama, alimkuta ameanguka pembeni ya mfereji, mzigo wa majani ubavuni, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Nyonga imevunjika. Hospitali walipopima, sukari ilikuwa imeshuka mno.

Wakamwekea dripu, akazinduka. Daktari akamuuliza mbele yangu, "Mama, kuna kitu kingine unameza zaidi ya dawa za kliniki?"

Mama akanitazama. Kisha akasema, "Hapana, daktari. Ni hizo tu."

Na mimi nikanyamaza. Mtu mzima na ndevu zangu, niliona aibu.

Kumbe makopo alikuwa nayo wodini. Alimwagiza shemeji ayalete, akawa anameza kimyakimya, kwa sababu mimi nilimwambia asiruke hata siku moja. Siku ya tatu sukari ikashuka tena, tukadhani tunampoteza.

Ndipo shemeji akaniambia, nikamfuata daktari na makopo mkononi.

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema vitamini na madini si sumu, wengine anawaandikia yeye mwenyewe. Ila nyingine zikikutana na vidonge vya sukari, tena tumbo tupu, zinaweza kuisukuma sukari chini zaidi. Hakuwa na uhakika kama ni hizo peke yake. "Ila ningejua juzi," akasema, "ningezisimamisha juzi."

Leo mama anatembea kwa fimbo. Ng'ombe tumempa jirani, maana majani hawezi tena kukata.

Nilichojifunza: kila anachomeza mzazi, hata kiitwe vitamini, kiende naye kliniki kwenye kopo lake. Na dozi tusipange sisi.

Nyie wenye wazazi wenye sukari, mnafuatiliaje wanachotumia? Nishaurini. Wa kunisema pia karibuni, sitajibu kwa hasira.

Mwezi uliopita nilimwomba mama msamaha. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua hata kichwa.

"Siku ile nilikutazama ili useme wewe," akaniambia.