Castory wa Mama Regina

Nikodemu alimchukia mwanamume ambaye hajawahi kumwona, na mwanamume huyo alikuwa anaishi ndani ya simu ya mkewe.

Jina lake Castory. Marcelina ndiye aliyemtunga. Binti huyu wa Kagunga aliishia darasa la saba, akaolewa Kibirizi, akaanika dagaa miaka mingi. Wakati wa kuanika ndipo alipoanza kuwabunia wenzake hadithi, kwa sababu jua ni kali na kazi haiishi. Wenzake wakamwambia aziandike. Akaziandika kwenye simu, akazituma kwenye kundi la wanawake wa mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa, zikafika Ujiji, zikafika mpaka kwao Kagunga. Mwaka jana zikatoka kitabu. Kibirizi nzima hakuna mwanamke aliyewahi kutoa kitabu cha hadithi kabla yake.

Nikodemu alijivunia kitabu hicho mbele za watu. Kilichomkera ni huyu Castory wa hadithi mpya. Castory alimtekea mkewe wa hadithini maji. Castory alisifia mboga hata ilipozidi chumvi.

Na zaidi, Castory alikuja wakati wa giza tu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao mwezi usipokuwepo. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, wanaume wanashinda nyumbani. Marcelina aliandika mumewe akiwa ziwani. Akirudi kukaa, hadithi inasimama.

Giza liliporudi, Nikodemu akashuka mwaloni kuangalia injini. Shadia, mchuuzi wa dagaa, akampokea kwa kelele.

"Shemeji! Bado hujaondoka tu?"

"Niende wapi?"

"Ziwani, baba! Castory tumemwacha mlangoni, ndoo begani, wiki nzima sasa. Nenda, naye aingie ndani!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akadakia, "Tumchangie petroli, jamani, aondoke leo hii."

Nikodemu akacheka nao, angefanya nini? Lakini njia nzima moyo ulimwaka. Mwalo mzima unamsubiri atoke ili mwanamume mwingine aingie nyumbani kwake!

Alimkuta Marcelina akichambua maharage.

"Leo siendi," akasema.

"Unaumwa, Baba Regina?"

"Siumwi. Nataka huyo Castory wako aje nikiwepo."

Marcelina alitaka kucheka, akauona uso wa mumewe, akaacha. "Ni mtu wa kutunga tu."

"Umemtunga ukimtazama nani? Mimi sijawahi kukutekea maji."

"Ndiyo maana nikamtunga."

Hilo lilimwingia. Nikodemu akasema, "Basi mzamishe. Apande boti, upepo umpindue, tumalizane naye. Ukikataa, simu hiyo naitupa ziwani na uandishi umekwisha."

Marcelina akaweka ungo chini, akaitoa simu, akamnyooshea. "Itupe. Kuzamisha mtu siwezi."

"Unampenda kiasi hicho?"

"Mimi naandika wewe ukiwa juu ya maji, Baba Regina. Usingizi hauji, ndiyo maana naandika. Wenzangu wameniomba sana niweke ajali ya boti, hadithi ichangamke. Mkono unakataa. Kwenye hadithi zangu kila aliyeondoka anarudi nyumbani. Hata yule mwizi wa kwenye kitabu cha kwanza, nilimrudisha."

Nikodemu akaitazama simu mkononi mwa mkewe, hakuichukua. Akaenda kuvaa sweta lake la ziwani. Mlangoni akageuka.

"Haya, aingie. Lakini asiwe mzuri wa sura."

"Nimpe kipara?"

"Kikubwa."

Asubuhi, boti ilipogusa mchanga, Shadia alikuwa amesimama majini, simu juu.

"Shemeji, Castory kapata kipara! Nani kamharibia Mama Regina mtu wake?"

"Mimi nitajuaje?" Nikodemu akajibu, akishusha dagaa, uso umemkunjuka. Kisha akashindwa kujizuia. "Na maji je? Bado anateka?"

"Ndoo mbili!"

Nikodemu akaguna. "Na kipara chake, bado anateka," akasema, na uso ukajikunja tena.