Maduka Matatu ya Dawa za Mifugo

Serikali ilipojitoa kwenye biashara ya dawa za mifugo na kuwaachia watu binafsi, mama mmoja aliyekuwa afisa mifugo alifungua duka Somanda. Miaka mingi baadaye, nilipomaliza masomo ya kompyuta chuoni na kurudi Bariadi, alikuwa na mengine mawili, Binza na Lagangabilili. Aliniajiri kwa sababu ya shida moja: wafugaji walielekezwa kwa simu waende duka fulani, wakifika wanakuta chupa ya mwisho imeshauzwa.

"Ng'ombe mgonjwa hasubiri," aliniambia. "Nikimtuma mtu Binza, nataka akute dawa yake."

Rafiki zangu wa Dar walinishauri niweke kila kitu kwenye seva moja. Lakini wao hawakujua mtandao wetu wakati wa mvua. Nikaamua kila duka liwe na programu na kumbukumbu zake, liuze hata likiwa peke yake, na mtandao ukirudi maduka yapashane habari. Tena mteja asielekezwe popote mpaka duka la huko lijibu kwamba limemwekea dawa. Vifaa vipya vya kuandikia programu vilinirahisishia mengi, ila kuyafanya maduka matatu yakubaliane kulinitoa jasho kwa miezi.

Siku tuliyoanza, mzee mmoja mfugaji aliingia Somanda asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma. "Ndama wangu wana ndigana."

Kwetu dawa ya ugonjwa huo wa kupe ilikuwa imeisha. Nikauliza Binza kwa kompyuta, jibu likaja: imewekwa. Mzee akapanda gari la Maswa, liendalo Binza. Muda si mrefu mvua ikashuka, mtandao ukakatika, hata simu hazikushika.

"Sasa?" mama akaniuliza.

"Tunauza kama kawaida," nilimjibu, nikamgeukia mteja aliyefuata.

Alasiri mtandao ukarudi. Ujumbe uliokuwa kwenye foleni ukaanza kumiminika, mauzo ya maduka yote yakaingia, na hakuna chupa iliyouzwa mara mbili. Kisha muuzaji wa Binza akapiga simu.

"Wateja wawili waliitaka ile dawa, programu ikanikatalia kuiuza," alisema. "Mzee amekuja, ameichukua, ameondoka anacheka."

Nilikaa chini, nikacheka na mimi mpaka machozi yakanitoka. Mama alitoka nje. Nikamsikia akimwambia jirani yetu muuza mbegu, kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Programu yetu ameiandika binti huyu wa hapa hapa Bariadi."