Koti la Kuendea Marekani

Nilitafuta koti la baridi Doha kwa miezi miwili, na mpaka leo nikiona makoti yamening'inia dukani nachoka. Nilikuwa nasoma kwenye tawi la chuo cha Kimarekani huko, kwa ufadhili, na muhula wa Januari tulikuwa tunapelekwa chuo chenyewe, Marekani, kwenye theluji. Tiketi walilipa. Bweni walilipa. Koti, barua ilisema, mwanafunzi ajinunulie. Posho yangu nilikuwa nagawana na watu wa nyumbani, na iliyobaki ilikuwa ya mchele, mayai na dengu.

Kwenye maduka makubwa makoti yalikuwepo, ya familia zinazokwenda Ulaya kucheza kwenye theluji. Moja tu lingekula chakula changu cha miezi mitatu. Siku moja nililivaa, nikajitazama kwenye kioo, kisha nikamuuliza dada wa kaunta, kana kwamba niko sokoni kwetu, bei ya mwisho ni ngapi. Akanionyesha bei iliyobandikwa. Nikamwambia basi anipunguzie kidogo tu. Akawatazama waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nilitoka pale masikio yakiwaka moto kwa aibu.

Mlinzi wa lango la bweni letu alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu mzima kidogo, nami nilimwita kaka. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mlango.

"Dada, hapa hakuna mitumba. Nguo za hawa watu zikizeeka sijui huwa zinaenda wapi."

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akanipeleka kwenye maduka ya bei nafuu kule Al Rayyan alikoishi. Tulizunguka tangu swala ilipoisha. Sweta tulipata. Blanketi za maua zilikuwa za kumwaga. Koti hakuna. Nikaketi kwenye ngazi ya duka nikalia, wala si kwa uchungu, ni uchovu tu. Kaka akanunua chai mbili za maziwa, akanipa moja.

Wiki iliyofuata akanisimamisha langoni akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na koti lake la kazi, zito, jeusi, limefuliwa. Nembo ya kampuni mgongoni alikuwa ameifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, pakabaki mraba mweusi kuliko koti lenyewe.

"Na wewe je?" nikauliza.

"Kampuni ilitupa mawili mawili. Chukua, wachana na maneno mengi."

Nisijidanganye, nilijua. Wenzake niliwaona kila siku nikipita langoni, na kila mmoja alikuwa na moja, lile lile. Kaka alikuwa zamu ya usiku, na Desemba upepo wa jangwani huwa hauna huruma. Lakini nilikuwa nimechoka kutafuta, na mtu aliyechoka huamini anachoambiwa. Nikasema asante, nikalikunja nikalitia kwenye sanduku.

Wiki ya kwanza Marekani, msichana niliyelala naye chumba kimoja alinipeleka duka la nguo kuukuu. Kumbe na wao wana mitumba! Ukuta mzima ulikuwa makoti. Nikachagua jekundu, lenye manyoya shingoni, dola tano. Nilikuwa nimechoka kuulizwa mraba ule mgongoni ni wa nini. La kaka likaingia chini ya kitanda. Niliuliza posta gharama ya kulirudisha Doha, nikasikia, nikaondoka.

Jioni moja akanipigia simu. Doha kulikuwa kunakaribia kupambazuka, zamu haijaisha.

"Dada, koti linazuia baridi?"

Nilikuwa nimevaa lile jekundu.

"Linazuia kabisa, kaka."

"Afadhali," akasema, na nikamsikia akipuliza viganja vyake.