Antena Juu ya Gari la Yatima

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nilipoona ncha ya drili imegusa paa la gari na mkono wa fundi uko tayari kuzungusha, nami sikujua niombe aharakishe au niombe asimame. Nakuhadithia kwa sababu umeniambia kesho unakwenda kufunga antena kwenye gari uliloazimwa, na nimekuona umeshatia drili mkobani.

Nilikuwa na umri kama wako, nimeolewa Kigombe. Kaka yangu Rashidi alikuwa amefariki, ameacha watoto wawili wadogo na Landrova moja. Funguo nilikabidhiwa mimi, shangazi yao, niwatunzie mpaka wakue. Mali ya yatima kwetu hata mlevi anaiogopa. Mtu akiliegemea gari lile nilikuwa namfukuza. Mume wangu, Mbwana, alikuwa akinicheka, eti naliogopa gari kuliko ninavyomwogopa yeye, na kusema kweli hakukosea.

Basi Mbwana na wenzake watatu wakatoka kuvua kwa boti ya mashine, tukawatarajia alfajiri. Hawakurudi. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, lakini ukiuacha ufukwe mtandao unakatika. Boti ilikuwa na redio ya upepo, ile ya kuzungumza huku na huku, na nyingine ilikuwa kwenye kibanda cha wavuvi. Asubuhi ile redio ya kibandani ilitoa sauti ya Mbwana mara moja tu: mashine imezima, maji yanaingia. Hakuwahi kusema wako wapi. Baada ya hapo ni mikwaruzo mitupu.

Wavuvi wakaamua redio ipakiwe garini, itembezwe barabara ya pwani, kwanza upande wa Pangani kisha upande wa Tongoni, mpaka sauti ishike. Gari la kupita njia ile lilikuwa moja tu, na unajua lilikuwa la nani.

Fundi Mhina, kijana wa Mabawa aliyekuja kutengeneza redio zao, alijaribu kwanza kuisimamisha antena kwa kitako cha sumaku. Kikateleza na kuanguka. Bodi ya Landrova ile ni alumini, sumaku haishiki. Ndipo akachukua drili ya mkono.

"Dada, tundu moja tu, hapa katikati ya paa. Nitoboe?"

 Nikifumba macho namwona Mbwana anakumba maji kuyatoa botini. Nikifumbua nawaona watoto wa kaka wamekaa kizingitini, wanalitazama gari la baba yao. Niliogopa, mwanangu. 

Hapo akaja mavyaa wangu, mama mzazi wa Mbwana, kanga kaifunga kiunoni. Fundi akamwamkia na drili mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Liweke chini dude hilo."

"Bibi, mwanao yuko majini!"

"Miye ndiye niliyemzaa, hunambii wewe. Umetafuta pengine pa kuifunga ukakosa? Hujatafuta. Umeogopa, basi umekimbilia kutoboa. Tafuta kwanza. Ukikosa kabisa, toboa, na miye nitasimama mbele ya watoto hawa niwaombe radhi."

Nilimchukia saa ile. Nilimwona ana moyo wa jiwe, mpaka macho yangu yalipoangukia mikono yake. Ilikuwa inatetemeka.

Fundi akalizunguka gari, akasimama kwenye keria, yale mabomba ya chuma ya kubebea mizigo juu ya paa. Akakata vipande vya tyubu kuukuu ya tairi, akavizungushia bombani ili rangi isikwaruzike, akaibana antena hapo kwa vibano viwili vya chuma. Waya akaushusha nyuma, akauacha uning'inie kidogo kabla haujaingia, maji ya mvua yadondoke nje, kisha akaupitisha kwenye mpira wa mlango pasipo kuubana. Umeme akauchukua kwenye betri, akaweka fyuzi. Mwisho akaishika antena akaitikisa kwa nguvu zake zote. Gari lilitikisika, antena haikucheza.

Tukaondoka. Upande wa Pangani hatukusikia kitu. Mavyaa alikaa mbele akivuta tasbihi yake. Tukageuza. Tulipokaribia Tongoni, gari likaingia shimoni tukagonga vichwa juu, na papo hapo redio ikasema, "...tunaiona mikoko, na magofu... maji yamejaa..." Ilikuwa sauti ya Mbwana. Mavyaa akaangua kilio, kilio alichokizuia tangu asubuhi. Wavuvi wa pale waliyajua magofu hayo, wakatoka na boti, na jua halijazama nikawa nampokea mume wangu, midomo imempasuka kwa chumvi, hai.

Miaka ikapita. Siku niliyomkabidhi Zubeda, mtoto mkubwa wa kaka, funguo za gari lake, Mbwana alimshikia ngazi, binti akapanda juu ya gari.

"Shangazi, antena ya siku ile ilikaa wapi?"

Nikamwonyesha bomba la keria. Akapapasa bomba, akapapasa paa lote, akatafuta alama asiione. Akashuka, akambusu Mbwana mkono. Mimi nililia kama mjinga.

Kwa hiyo, mwanangu, mkono ukikutetemeka, usitoboe. Woga hukuonyesha njia moja tu, tena ile isiyorudishika. Lizunguke gari la watu kwanza. Angalia keria, angalia ukingo wa boneti, angalia kibebeo cha tairi la akiba. Pa kubana papo, ukitulia utapaona. Ulichoazimwa kitumie ukijua mwenyewe atakuja kukipapasa.

Mungu akutangulie njiani, aiimarishe mikono yako, akurudishe mlangoni pangu ukiwa mzima na uso mkunjufu. Na hiyo drili niachie hapa mpaka urudi.